Bandama Likipasuka: Siti Skani Inaonyesha Nini na Gredi Maana Yake Nini

Vikundi vingi tunavyotembelea sasa vina mfuko wa dharura, na hilo ni jambo la kusifiwa. Mwanachama akiumia, mweka hazina hazunguki tena boma kwa boma usiku akiomba. Pesa za kuanzia zipo. Lakini pesa zikiwapo, maswali nayo hufuata. Tangu pikipiki zijae barabarani, kuna swali moja ambalo tumeulizwa mara nyingi, na si na kikundi kimoja tu: "Sisi tulichanga pesa za siti skani. Picha ikapigwa, tukaambiwa bandama limepasuka, gredi ya tatu. Halafu daktari anasema hapasui. Mtu wetu amelala tu wadi siku nne akipimwa presha. Kwani tulilipia nini?"

Mlilipia hilo hilo la kutopasuliwa. Huenda hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote ambayo picha ile ingeweza kufanya. Kueleza jambo hili vizuri itabidi twende pole pole, kwa hivyo mwenyekiti akitaka kuisoma makala hii mbele ya kikundi, aigawe kwa mikutano miwili.

BANDAMA NI NINI

Bandama, ambalo wengine huliita wengu, liko upande wa kushoto, juu, limejificha chini ya mbavu karibu na mgongo. Waliowahi kusafisha matumbo ya mbuzi wanalijua: ni ile nyama laini ya rangi ya damu nzito iliyoshikamana na tumbo la chakula. Kwa mtu mzima mwenye afya lina ukubwa wa ngumi na uzito wa kama gramu 150. Kwa nje limefunikwa na utando mwembamba, kama ule ulio ndani ya ganda la yai. Kwa ndani ni kama sponji iliyolowa damu. Damu ya mwili hupita humo ichujwe: chembe nyekundu zilizozeeka huondolewa, na vijidudu fulani hukamatwa, hasa vile vinavyoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo.

Sasa fikiria sponji iliyojaa damu, imefungwa kwa utando wa yai, halafu ipigwe. Ngozi ya tumbo inaweza kubaki nzima, hata mchubuko usionekane, na huku ndani bandama limepasuka. Pigo la namna hiyo ndilo madaktari wanaloita jeraha butu. Tunaliona kwa usukani wa pikipiki uliomgonga mtu tumboni, kwa teke la ng'ombe wakati wa kukamua, kwa mtoto aliyeanguka kutoka kwa mwembe, kwa fundi aliyeteleza jukwaani, na, tuseme ukweli, kwa ngumi na mateke ya nyumbani ambayo hayasemwi hospitalini. Yasiposemwa, daktari hajui atafute nini. Mbavu za chini za kushoto zikivunjika, bandama ni la kushukiwa mpaka lithibitishwe kuwa zima.

Sehemu zetu za malaria kuna shida nyingine juu ya hiyo. Mtu aliyeugua malaria mara nyingi huwa na bandama lililovimba, limeteremka chini ya mbavu ambapo hakuna kinga ya mfupa. Kwake yeye, pigo ambalo mwingine angelicheka linaweza kulipasua.

Dalili zenyewe ni maumivu ya upande wa kushoto juu, kizunguzungu akisimama, jasho baridi, kiu, midomo kupauka, moyo kwenda mbio. Kuna moja ambayo watu huipuuza: maumivu kwenye ncha ya bega la kushoto, na bega lenyewe halikupigwa. Ni damu iliyomwagika tumboni inayochokoza ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, na neva za msuli huo hutoka mahali pamoja na za bega. Na msidanganywe na kijana mwenye nguvu anayesema "niko sawa." Mtu mzima ana damu ya kama lita 5, na anaweza kupoteza lita moja hivi huku presha yake akiwa amelala bado inasoma vizuri.

ZAMANI ILIKUWA KISU TU

Kwa miaka mingi sheria ilikuwa moja: bandama likipasuka, tumbo lifunguliwe, litolewe, litupwe. Iliaminika kwamba haliwezi kupona lenyewe, na kwamba mtu hahitaji bandama ili aishi. Hilo la pili ni kweli nusu. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Marekani, King na Shumacker, waliandika habari za watoto wachanga waliotolewa bandama kisha wakashambuliwa na maambukizi makali ya damu. Tangu hapo ikaanza kujulikana kwamba asiye na bandama anaweza kupata homa asubuhi na kufariki kabla ya kesho yake. Halitokei kwa wengi, lakini likitokea huwa la haraka sana.

Mwaka 1968 Upadhyaya na Simpson, wa hospitali ya watoto ya Toronto nchini Kanada, wakaandika kuhusu bandama za watoto zilizopona bila kupasuliwa. Basi wazo likageuka: kama linaweza kupona, na kama lina faida, kwa nini kulitoa? Shida ikabaki moja. Utajuaje limepasuka kiasi gani bila kufungua tumbo kuangalia?

Mashine iliyojibu swali hilo haikutengenezwa kwa ajili ya bandama. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha nayo tarehe 1 Oktoba 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley, London, na ilikuwa picha ya ubongo. Aliyeibuni alikuwa mhandisi Godfrey Hounsfield. Hesabu za namna hiyo alikuwa amezifikiria mapema mtu wa huku kwetu Afrika, Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye mwaka 1956 alikuwa akisaidia kusimamia kazi za mionzi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Baadaye mashine zikapanuliwa zikaweza kupiga picha ya mwili mzima, na hapo ndipo madaktari wa majeruhi wakapata macho.

MASHINE INAFANYA KAZI VIPI

Eksirei ya kawaida ni kivuli. Mbavu, mapafu, tumbo, vyote vinaanguka kwenye karatasi moja, kimoja juu ya kingine, kama vile kuangalia watu nyuma ya pazia wakati taa iko nyuma yao. Unajua kuna watu, lakini nani amembeba mtoto huwezi kusema.

Siti skani, ambayo kwenye karatasi ya daktari huandikwa kwa herufi mbili tu, CT, inatumia mionzi ya aina ile ile lakini kwa ujanja tofauti. Mgonjwa analala juu ya meza inayoteleza ndani ya duara kubwa kama tairi la trekta lililosimamishwa. Ndani ya duara hilo bomba la mionzi linazunguka mwili, na kompyuta inakusanya hesabu kutoka kila upande. Mwishowe inachora mwili kama mkate uliokatwa vipande vyembamba, vingine vya milimita chache tu, na daktari anaweza kuangalia kipande kimoja baada ya kingine, toka kifuani mpaka nyongani. Kupiga kwenyewe ni dakika chache; kinachochukua muda ni kumtayarisha mgonjwa na kusoma picha.

Kila kitu mwilini hupewa namba kulingana na kinavyozuia mionzi. Maji ni 0, hewa ni chini ya sufuri kwa 1000, mfupa uko juu mamia. Damu iliyomwagika na bado haijaganda huwa kati ya 30 na 45 hivi. Ikiganda hupanda, kama 45 hadi 70. Hiyo ni siri nzuri. Damu iliyomwagika huenea tumboni kote, lakini donge lililoganda hukaa karibu na mahali ilipotokea. Kwa hivyo daktari akiona donge linalong'aa kando ya bandama, anajua chanzo kiko hapo hata kama mpasuko wenyewe haujaonekana wazi.

Halafu kuna dawa ya rangi, yenye madini ya iodini, inayodungwa kwenye mshipa wa mkono. Bila hiyo picha ya bandama ni nusu picha. Dawa ikipita, nyama iliyo hai na yenye damu hung'aa. Ule ufa uliopasuka hubaki mweusi. Na kama mshipa unavuja wakati ule ule mtu amelala mezani, dawa huonekana ikitoka nje ya mshipa kama doa jeupe, na picha za baadaye kidogo zinaonyesha doa limekua. Daktari akiona hivyo hangoji chai.

Wakati nao ni muhimu. Picha zikipigwa mapema sana, kama nusu dakika baada ya kudunga, bandama zima la mtu mzima wa afya huonekana lina mistari kama punda milia, kwa sababu damu haipiti sehemu zote kwa kasi moja. Asiyejua anaweza kusema limechanika. Ndiyo maana hupigwa nyingine ikifika kama sekunde 70, mistari ikiwa imepotea. Kilichopotea hakikuwa ufa. Kilichobaki ndicho jeraha.

Mgonjwa aambiwe mapema kwamba dawa hiyo ikiingia atahisi joto mwilini, hata atadhani amejikojolea. Si kitu. Lakini yeye au jamaa waseme kama amewahi kudhurika na dawa ya namna hiyo, kama ana pumu au ugonjwa wa figo, kama anatumia metformin ya kisukari, na kama ni mama, pengine ana mimba. Mionzi yake ni mingi kupita ya eksirei ya kifua, kwa hivyo si picha ya kuomba kwa kila tumbo linalouma. Kwa mtu aliyegongwa, faida huwa kubwa kuliko hatari hiyo.

GREDI YA 1 MPAKA YA 5

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, maana shuleni gredi kubwa ni sifa. Hapa ni kinyume. Gredi ya 1 ni jeraha dogo, ya 5 ni bandama lililoharibika kabisa. Kipimo hiki kiliwekwa mwaka 1989 na chama cha Marekani cha wapasuaji wa majeruhi, kikarekebishwa mwaka 1994, na tena mwaka 2018. Mtatuwia radhi kwa hizi sentimita, lakini ndizo zilizoandikwa kwenye ripoti.

Gredi ya 1: ufa usiofika kina cha sentimita 1, au damu iliyokusanyika chini ya utando lakini haijafunika sehemu moja kati ya kumi ya uso wa bandama. Gredi ya 2: ufa wa sentimita 1 hadi 3, au damu chini ya utando inayofunika kati ya sehemu moja ya kumi na nusu ya uso, au donge ndani ya nyama lisilofika sentimita 5. Gredi ya 3: ufa unaopita sentimita 3, kwa kukisia ni upana wa vidole viwili, au damu inayofunika zaidi ya nusu, au donge la ndani lenye sentimita 5 na kuendelea, au donge lililopasua utando.

Mpaka hapo tunapima ukubwa wa ufa na donge. Kutoka gredi ya 4 tunauliza habari za mishipa. Damu huingia bandama kupitia mlango mmoja na mishipa yake hugawanyika kama mifereji ya shamba la umwagiliaji. Mfereji mkubwa ukikatika, shamba la mbele linakauka. Ufa ukikata mishipa hiyo na zaidi ya robo ya bandama ikakosa damu, hiyo ni gredi ya 4. Na gredi ya 5 ni bandama lililosagika, kama nyanya iliyokanyagwa.

Mabadiliko ya 2018 ndiyo tunayotaka myashike, kwa sababu yalitoka moja kwa moja kwenye siti skani. Zamani kipimo kilitegemea zaidi ukubwa wa mpasuko, jambo ambalo mpasuaji angeona kwa macho. Siti skani ikaonyesha vitu ambavyo macho hayaoni vizuri: mshipa mdogo ndani ya bandama uliopasuka upande na kutunga kifuko cha damu, au damu inayovuja wakati huo huo. Siku hizi, mpasuko wowote, hata mdogo, ukiwa na mshipa ulioharibika namna hiyo au unaovuja ndani ya utando, unahesabiwa gredi ya 4. Damu ikivuja kupita utando mpaka kumwagika tumboni, ni gredi ya 5. Kwa hiyo watu wawili waliogongwa na gari moja, kila mmoja ana ufa wa sentimita 2, mmoja anaweza kuwa gredi ya 2 na mwenzake gredi ya 4. Si ati daktari ana upendeleo. Mmoja ana kifuko ambacho kinaweza kupasuka siku yoyote, mwingine hana.

NAMBA SI HAKIMU

Sasa turudi kwa yule mtu wa gredi ya tatu aliyelazwa bila kupasuliwa. Kinachoamua kisu kwanza si namba. Ni hali yake: presha inasimama? Moyo umetulia? Damu kwenye vipimo inashuka au imekaa? Mtu wa gredi ya 2 ambaye presha inaanguka kila akiongezewa maji anapelekwa thieta. Mtu wa gredi ya 4 aliyetulia anaweza kubaki na bandama lake. Kwa watoto waliotulia, zaidi ya 9 kati ya 10 hupona bila kupasuliwa. Watu wazima waliotulia pia wengi hupona hivyo, ingawa kadiri gredi inavyopanda ndivyo wanaoshindwa wanavyoongezeka.

Basi gredi ni ya nini? Inamwambia daktari amlinde mtu huyu kiasi gani: alale kwenye wadi ya kawaida au ya wagonjwa mahututi, apimwe kila baada ya muda gani, damu ya kuongezea iwekwe tayari, picha irudiwe au la, na apumzike wiki ngapi akirudi nyumbani. Gredi za juu, hasa zenye mshipa unaovuja, zina njia nyingine ya katikati: waya mwembamba unapitishwa ndani ya mshipa kutoka kinena au mkono mpaka kwenye bandama, na mshipa mbovu unazibwa kutoka ndani. Huduma hiyo iko katika hospitali chache nchini, kwa hivyo msishangae mkiambiwa mtu wenu ahamishwe.

Hiyo "kulala tu" ni kazi, si uvivu wa hospitali. Inahitaji muuguzi wa kupima usiku na mchana, damu ndani ya friji, na mpasuaji anayeweza kuitwa saa nane za usiku. Kituo kisicho na mambo hayo matatu hakifai kumlinda mtu mwenye bandama lililopasuka, hata kama wahudumu wake ni wema kiasi gani.

Pia mjue picha inasema habari za saa ile ilipopigwa. Haisemi ya kesho. Na wasomaji wa picha ni binadamu. Wawili wanaweza kutofautiana kwa gredi moja. Jamaa wakiuliza kwa heshima, "Daktari, ni gredi gani, na je, kuna mshipa unaovuja?" wameuliza maswali mawili ya maana kabisa.

MSIMPITISHE HOSPITALI KWA AJILI YA PICHA

Jambo hili linatusumbua kuliko yote. Kwa kuwa siti skani imepata sifa, siku hizi watu wanambeba majeruhi wakipita hospitali yenye thieta, ati huko hakuna siti skani, wanakwenda mji wa mbali palipo na mashine. Kwa mtu aliyetulia, na kwa ushauri wa daktari, sawa. Lakini mtu anayetoka jasho baridi, aliyepauka, mapigo yanakimbia, huyo anavuja damu na kila kilomita inamgharimu. Siti skani ni ya mgonjwa aliyetulia. Aliye mahututi haingizwi kwenye ile mashine hata katika hospitali kubwa, kwa sababu humo ndani ni vigumu kumhudumia akizimia. Kwake kipimo ni ultrasaundi ya dakika chache pale pale kitandani, inayoonyesha kama kuna damu tumboni. Ultrasaundi haipimi gredi vizuri, lakini hapo hakuna anayehitaji gredi. Anahitaji thieta na damu.

Kabla ya kufika hospitali: alazwe, afunikwe apate joto, asipewe chakula wala chai, asikandwe tumbo na mtu yeyote hata kama ni mkandaji hodari, na asipewe aspirini, maana inazuia damu kuganda. Andikeni saa aliyoumia na jinsi alivyoumia.

Kikundi kinaweza kusaidia kwa njia ambayo haihitaji hazina: kutoa damu. Mtu mwenye afya wa miaka 16 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, anaweza kukubaliwa. Tumeona wanachama sita wakija wadi na matunda na maua. Wanne kati yao wangeweza kwenda maabara kwanza. Kuhusu gharama, kila mwanachama ahakikishe amejiandikisha na analipa SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, na jamaa waulize pale hospitalini kama kibali cha picha kinahitajika kabla haijapigwa.

AKIRUDI NYUMBANI

Tulimtembelea kijana mmoja wa bodaboda aliyeruhusiwa na gredi ya 3. Siku ya tisa alihisi vizuri, na mkopo wa pikipiki ulikuwa unamngoja. Akambebea mteja magunia mawili ya mahindi, akayapakia mwenyewe. Usiku bega la kushoto likaanza kuuma. Alirudishwa, akapasuliwa, na bandama ambalo lilikuwa linapona likatolewa. Yu hai, tunashukuru. Lakini hakuna aliyekuwa amemweleza mke wake wala kikundi chake kwamba ufa haujafunga kwa sababu tu maumivu yameisha.

Hatari kubwa ya kuvuja tena iko ndani ya wiki mbili za kwanza, ingawa inaweza kuchelewa zaidi ya hapo. Kwa watoto madaktari wengi wamefuata hesabu rahisi: chukua namba ya gredi, ongeza 2, hizo ndizo wiki za kukaa bila michezo ya nguvu. Gredi ya 3 ni wiki 5. Kwa watu wazima madaktari hutofautiana. Wengi husema wiki 6 hadi 8, na kwa gredi za juu hata miezi mitatu. Daktari wake ndiye atakayetaja siku. Katika wiki hizo hakuna jembe, hakuna mtungi wa lita 20, hakuna kupasua kuni, hakuna mpira, na hakuna pikipiki, awe amebeba au amebebwa.

Ni rahisi kuandika hivyo. Kwa mama mwenye watoto wanne na mvua zimeanza, wiki 8 bila jembe ni njaa. Hapa sisi tunaona kikundi kina nafasi kuliko hospitali. Zamu za kulima shamba la aliyeumia ziwekwe kwenye daftari kama michango mingine, na mkopo wake usogezwe mbele bila faini. Kikundi kimoja kilimpa mwanachama wake aliyeumia kazi ya kushika daftari la mahudhurio miezi miwili, akawa anakaa kivulini, na shamba lake likapaliliwa kwa zamu.

Wale waliotolewa bandama wana habari yao tofauti. Wanahitaji chanjo za kuzuia nimonia, homa ya uti wa mgongo na ile ya vijidudu vya Hib. Kwa kawaida hutolewa kama siku 14 baada ya upasuaji, au kabla ya kuondoka wadini kama kuna wasiwasi hatarudi. Chanjo ya nimonia iliingia kliniki za watoto nchini Kenya mwaka 2011, kwa hiyo watu wazima wengi wa leo hawakuipata utotoni. Wasidhani wamekwisha kingwa. Malaria nayo huwa kali kwao: walale ndani ya chandarua kila usiku, na wamuulize daktari juu ya dawa za kuikinga.

Homa kwa mtu asiye na bandama si ya kunywea dawa ya dukani na kungoja kesho. Aende hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku, na jambo la kwanza aseme mlangoni ni kwamba hana bandama. Kwa kuwa anaweza kufika akiwa hawezi kusema, amwombe daktari amwandikie kadi yenye tarehe ya upasuaji na chanjo alizopata. Kadi hiyo ikae pamoja na kitambulisho, na nakala yake ibaki nyumbani kwa mtu atakayempeleka.